Mashine ya kioo ya pawa windo ikiwa kamili na mota yake: nzuri, ila pima kwanza kabla hujainunua

Naanza na jibu ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Hii mashine ya kupandisha na kushusha kioo cha mlango wa gari kwa umeme, wengine wanaiita regulata, inayouzwa ikiwa imeshafungwa mota yake, ni kitu kizuri. Imekaa vizuri mlangoni, inapandisha kioo bila kelele na nimeridhika nayo. Ila kuna jambo nataka kulisema kwa nguvu zote, watu wengi wanainunua wakati shida ya gari yao haipo kwenye mashine wala kwenye mota, wanafunga mpya, kioo kinagoma vile vile, halafu wanarudi kulaumu kwamba bidhaa ni feki. Siyo feki. Umebadilisha kitu kizima ukaacha kibovu pale pale. Kwa hiyo humu nitaeleza bidhaa yenyewe ilivyo na pia jinsi ya kujua kama kweli unaihitaji, maana kuisifia bila kukwambia hilo la pili nitakuwa nimekutia hasara tu.

Kwanza tuelewane kilichomo ndani ya mlango. Hii niliyonunua ni ya aina ya kebo. Mota inazungusha ngoma ndogo, ngoma inavuta kebo nyembamba ya chuma, kebo inapita kwenye puli za plastiki juu na chini ya reli, na ile kebo ndo inayobeba kishikio kilichobana kioo kwa chini. Magari mengi ya siku hizi yako hivyo. Ya zamani, na baadhi ya pikapu, yana mikono miwili ya chuma inayofunguka na kufunga kama mkasi, hiyo ni imara zaidi ila nzito. Kwenye ya kebo chuma chenyewe mara nyingi hakina shida, kinachokufa ni plastiki. Puli ya juu inapasuka, au kishikio kinakatika, au kebo inaanza kuchanika nyuzi moja moja mpaka inajikunja ndani ya ngoma na kukwama kabisa.

Kwangu dalili zilikuwa wazi. Ukibonyeza swichi unasikia mota inanguruma ndani ya mlango, inazunguka kabisa, halafu kra kra kra, na kioo hakiendi popote, mwisho kikalala upande kona moja ikiwa juu nyingine chini. Hapo hakuna ubishi. Mota inayolia na kioo kisichosogea maana yake umeme unafika, swichi inafanya kazi, waya ni wazima, tatizo ni kitu cha kuvuta. Kwa hali kama hiyo nunua mashine bila wasiwasi.

Lakini si kila dirisha linagoma hivyo, na ndo maana nasema sikiliza kwanza kabla hujafungua hata skrubu moja. Zima redio, funga milango, switi ya ufunguo iwe oni, bonyeza swichi ukiwa umesogeza sikio kwenye mlango. Ukisikia mlio wa mota, nimeshasema. Usiposikia mota ila ukaona taa ya ndani au mwanga wa dashi unafifia kidogo kila ukibonyeza, basi umeme unaondoka kweli kwenda kwenye mota lakini mota haizunguki, yaani imekwama, au imekufa ndani, au kioo chenyewe kimeng'ang'ania kwenye raba. Na kukiwa kimya kabisa, taa hazitikisiki, hakuna hata mlio mdogo, hapo uko upande wa umeme, yaani fyuzi, swichi, waya au ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari). Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote na kinakugawia shida katika mafungu matatu kwa muda mfupi sana, sielewi kwa nini mafundi wengi wanakiruka wanakimbilia kung'oa kava la mlango.

Kwa aliyeangukia kwenye kimya. Angalia kama ni vioo vyote au kimoja. Vikifa vyote kwa pamoja haiwezekani mota nne zikafa siku moja, huyo ni fyuzi, au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), au masta swichi ya dereva (ile yenye vitufe vya vioo vyote), au waya mkubwa unaoleta umeme mlangoni. Fyuzi za vioo huwa kubwa kidogo, nyingi ni za ampea 20 mpaka 30, na tafadhali sana ikiungua usiweke ya namba kubwa zaidi eti ili isiungue tena, itabaki nzima halafu kitakachoungua ni waya. Kuna magari hayana fyuzi ya vioo, yana kile kikata umeme kinachojirudisha chenyewe kikipoa, kwa hiyo ukiona vioo vinafanya kazi, vinagoma vyote, halafu baada ya muda vinarudi, jua kuna kitu kinavuta umeme mwingi kupita kiasi.

Kikifa kimoja, jaribu swichi zote mbili, ile ya kwenye mlango wenyewe na ile ya kwenye mlango wa dereva. Na kabla ya hapo hakikisha kile kitufe cha kufunga vioo vya abiria hakijabonyezwa, ni kitu kidogo lakini kinawapeleka watu kwa fundi bure. Kioo kikifanya kazi kwa swichi moja kikagoma kwa nyingine, acha mashine, acha mota, shika swichi.

Sasa hapa nataka kukaa kidogo maana ukielewa hiki kitu kimoja unakuwa mbele ya mafundi wengi. Mota ya kioo kwenye gari ambazo mfumo wake ni wa kawaida ina waya mbili tu. Haina waya wa moto wa kudumu na waya wa ethi wa kudumu. Ukiwa hujabonyeza chochote waya zote mbili zimeunganishwa na ethi kupitia swichi. Ukibonyeza juu, swichi inatoa waya mmoja kwenye ethi na kuupa volti 12, ule mwingine unabaki ethi, mota inazunguka. Ukibonyeza chini inakuwa kinyume chake, ule wa pili ndo unapata volti 12. Mota ni ile ile, inageuzwa mwelekeo tu. Na kwa mlango wa abiria ile ethi kwa kawaida inapitia kwenye masta swichi ya dereva, ndo maana masta swichi ikichoka mguso mmoja tu ndani yake kioo cha abiria kinakufa hata kama swichi ya abiria ni mpya kabisa.

Kutokana na hilo kuna hesabu rahisi. Kioo kinashuka vizuri, kwa nguvu, ila kupanda hakuna hata mlio? Mota ni nzima. Haiwezekani mota ife upande mmoja ikaishi upande mwingine wakati ni sumaku zile zile na brashi zile zile. Hapo ni swichi karibu kila mara, au waya kati ya swichi na mota. Ila usichanganye na kioo kinachopanda kwa shida huku unasikia mota inahangaika, hiyo ni nyingine, kushuka kunasaidiwa na uzito wa kioo na kupanda hakuna msaada, kwa hiyo mota iliyochoka au raba iliyokauka inajionyesha kwenye kupanda kwanza.

Kupima sasa. Ukishafungua kava chomoa plagi ya mota, chukua testa ya taa, mguu mmoja kwenye waya huu mguu wa pili kwenye waya ule, siyo kwenye bodi ya gari, halafu mtu abonyeze swichi juu na chini. Taa ikiwaka vizuri pande zote mbili, umeme na ethi vyote vimefika, mota ikigoma kuzunguka baada ya hapo imekufa yenyewe. Ikiwaka upande mmoja tu, rudi kwenye swichi. Isipowaka kabisa, pima kila waya kivyake kwa kuweka mguu wa testa kwenye chuma safi cha bodi uone kama moto unafika, ukifika basi kinachokosekana ni ethi.

Multimita nayo nzuri, ninayo naitumia, lakini kwa kazi hii ina mtego wake. Multimita haivuti umeme karibu wowote, kwa hiyo waya uliokatika nyuzi zote ukabakia na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 kamili, utafurahi, utasema umeme upo, utanunua mota. Ukiunganisha mota inayotaka ampea kadhaa ule uzi mmoja hauwezi, volti zinaporomoka, kioo kimya. Hapa ndo mashine nyingi nzima zinapotupwa. Tumia taa, na ikiwezekana iwe balbu ya taa kubwa ya mbele, ile ya wati 55, inavuta karibu ampea 4 na nusu, hiyo haidanganyiki, waya ukiwa dhaifu itawaka kwa uhafifu utaona mwenyewe. Kama una multimita tu basi pima plagi ikiwa imechomekwa kwenye mota na swichi imebonyezwa, siyo plagi ikiwa hewani.

Na huo uzi mmoja unatoka wapi? Fungua mlango uangalie pale kwenye bawaba, kuna bomba la raba lenye mikunjo linalopitisha waya kutoka bodini kuingia mlangoni. Kila ukifungua na kufunga mlango zile waya zinakunjwa na kukunjuliwa, miaka na miaka, mlango wa dereva ndo unaumia zaidi kwa sababu unafunguliwa kuliko yote. Zinakatikia humo ndani ya raba na nje huoni kitu. Dalili yake ni kioo kinachofanya kazi mlango ukiwa wazi na kugoma ukiufunga, au kinachofanya kazi ukitikisa mlango, na mara nyingi spika au loki ya mlango huo nayo inaanza kusumbua pamoja. Vuta ile raba pande zote mbili uangalie waya mmoja mmoja, uvute kidogo, uliokatika ndani utavutika kirahisi. Ukitengeneza usiunge kwa kusokota na kufunga tepu pale pale kwenye mkunjo, utakatika tena, ongezea kipande kipya cha waya laini ili viungo vikae nje ya sehemu inayokunjwa, chomea kwa risasi, vaa mpira wa kubana kwa joto. Kazi ya kuchosha mikono lakini haidai kununua mashine yoyote.

Kuna pia kioo kizito ambacho hakina ugonjwa wa umeme hata kidogo. Kioo kinatembea ndani ya mfereji wa raba wenye manyoya manyoya, vumbi linaingia, raba inakauka inakuwa ngumu, kioo kinabanwa. Mota inasukuma, inapata moto, na humo ndani ya mota nyingi kuna kikata joto kinachoizima ili isiungue, unasubiri dakika chache inarudi. Mtu anaona kioo kinapanda nusu kinasimama, anasema mota imekufa. Safisha mfereji kwa kitambaa na maji yenye sabuni, ukauke, kisha puliza sprei ya silikoni. Oili ya injini na grisi ya kawaida usiweke, zinavimbisha raba na kukamata vumbi zaidi, baada ya muda unakuwa na shida kubwa kuliko ya mwanzo. Na kama kava limeshafunguliwa, achanisha kioo na kishikio halafu kipandishe kwa mikono, kikiteleza vizuri raba haina kosa, kikikwama umeshajua.

Haya, bidhaa yenyewe. Kwenye boksi kuna reli, kebo ikiwa imeshavutwa na kufungwa, kishikio cha kioo, na mota iliyofungwa tayari kwenye ngoma. Hakuna bolti, hakuna klipu za kava, na hakuna hata karatasi moja ya maelekezo. Bolti sawa, unatumia zilizotoka. Klipu za kava wangeweza kuweka maana kila mtu anajua kwamba kwenye kufungua kava la zamani lazima zitakatika chache, nunua pembeni kabla hujaanza. Ila karatasi ya maelekezo kukosekana mimi naona ni kasoro kubwa, nitasema kwa nini mbele.

Niliiweka ya zamani na hii mpya sambamba nikazilinganisha. Chuma cha reli unene wake uko sawa kwa macho na kwa kushika. Kebo imefunikwa vizuri na ina grisi ya kutosha. Puli ni plastiki kama zilivyokuwa za mwanzo, ningependa sana zingekuwa za chuma kwa sababu ndo pale pale palipovunjika, hapo sijafurahi. Kishikio kinabana kioo kwa bolti na kina raba ndani, raba nyembamba kuliko ya zamani, kwa hiyo ukikaza usikaze kwa hasira, kioo kinapasuka. Plagi ya mota imeingia moja kwa moja bila kukata waya, na hili nawapongeza, kuna nyingine zinakuja na plagi tofauti unaambiwa ukate uunge mwenyewe.

Kununua mashine na mota pamoja badala ya mashine peke yake, naunga mkono, ingawa mota yangu ya zamani ilikuwa inazunguka vizuri. Mota iliyofanya kazi muda mrefu na kebo inayochanika imebeba mzigo usio wake, na kuihamisha kwenye aina hii ya kebo ni usumbufu, ngoma ikichomoka tu kebo inalegea yote na kuirudisha kwenye mistari yake ni kazi ya kukosesha usingizi. Kwa aina ya mkasi hapo nakuonya kabisa, ina springi nzito iliyokunjwa, ukitoa mota bila kuibana ile mikono inaruka kwa nguvu na inaweza kukuvunja vidole. Nunua kamili, funga kamili.

Kufunga hakukuwa kugumu. Toa waya wa betri kwanza na usubiri dakika chache kama gari ina mifuko ya hewa ya pembeni. Inua kioo mpaka juu ukibandike kwa tepu ngumu ikipita juu ya fremu ya mlango nje na ndani, kisije kikakudondokea mikononi. Vaa glavu, kingo za chuma za ndani ya mlango zinakata vibaya. Ile nailoni iliyobandikwa kwenye mlango ibandue taratibu na uirudishe ikiwa imeshika pande zote, mafundi wengi wanaichana na kuitupa, halafu maji ya mvua yanaingia kwenye kapeti na mtu anatafuta sehemu inayovuja paa zima. Tena kuna magari yana kihisi cha mgongano ndani ya mlango kinachosoma mgandamizo wa hewa, mlango usipozibwa kama ulivyokuwa unaharibu kazi yake.

Matundu ya bolti yamekaa sawa isipokuwa moja la chini lililobana kidogo, nililegeza yale mengine, nikasogeza, likaingia. Na hapa ndo siri ya kioo kupanda kimya, usikaze bolti za reli mwanzoni. Zishike tu, rudisha waya wa betri, pandisha kioo mpaka juu kiingie vizuri kwenye mfereji wake, kijitafutie mkao, ndo ukaze. Ukikaza mapema kioo kinapanda kikivutwa upande, kinalia, na mota inachoka kabla ya wakati.

Halafu ile karatasi inayokosekana. Vioo vyenye kupanda vyenyewe kwa mguso mmoja vina akili ya kujua wapi ni mwisho wa juu na wapi mwisho wa chini, ili vikikutana na mkono wa mtu katikati virudi chini. Ukitoa betri au ukibadilisha mota, magari mengi yanasahau mipaka hiyo. Unafunga kila kitu vizuri halafu kioo kinapanda hatua hatua, au kinafika juu kinarudi chini chenyewe, unadhani umeuziwa mota mbovu. Kumbe kinataka kufundishwa tu. Kwa magari mengi unashusha mpaka chini kabisa, unapandisha mpaka juu na ukifika unaendelea kushikilia swichi sekunde chache, basi, ila utaratibu unatofautiana kwa hiyo fungua kitabu cha gari yako. Mistari mitatu ya maandishi ndani ya boksi ingeokoa watu wengi, na inaniuma kwamba mtengenezaji wa kitu kizuri hivi ameshindwa kuiandika.

Na msidharau hiyo akili ya kurudi chini. Kanuni ya usalama ya Marekani kwa vioo vinavyopanda vyenyewe inataka kioo kirudi kabla hakijabana kwa nguvu ya nyutoni 100. Ukishafunga usiache bila kupima, weka kitu laini kama bomba la sponji juu ya kioo, pandisha kwa mguso mmoja, uone kinarudi. Usipime kwa mkono. Kisiporudi, rudia kukifundisha, kikikataa tena zima hiyo huduma mpaka fundi aangalie, hasa kama kuna watoto wanaopanda gari hiyo. Mota ya kioo ina nguvu ya kuua mtoto, na imeshatokea, ndo sababu swichi nyingi za sasa unazivuta juu ili kupandisha, ili goti la mtoto likikanyaga swichi kioo kishuke na siyo kipande.

Nirudi kwenye swichi maana nilishuhudia hili kwa jirani. Alikuwa ameshaagiza mashine hii hii kwa mlango wa abiria, nikamwambia ngoja tupime, tukakuta kwa swichi ya abiria kinaenda na kwa swichi ya dereva kinagoma. Mashine ikarudishwa bila kufunguliwa boksi, akabadilisha masta swichi, kazi imeisha. Masta swichi inaonewa sana. Iko pale mkononi, inamwagikiwa maji ya mvua dirisha likiwa wazi, inamwagikiwa soda, migusano ya ndani inaungua taratibu kwa sababu umeme wa mota unapita humo humo.

Na kuna kitu watu wanafanya kinanitisha, swichi ikiwa ngumu wanapulizia sprei yoyote ya kulainisha. Usifanye. Mwezi wa 10 mwaka 2012 Toyota waliita magari karibu milioni 7.43 duniani yarudi kutengenezwa kwa ajili ya masta swichi ya mlango wa dereva, grisi ilikuwa haijapakwa sawasawa kiwandani, swichi inakuwa ngumu, inakwaruza, na walitoa onyo waziwazi kwamba ukiweka vilainishi vya madukani swichi inaweza kuyeyuka, kutoa moshi na hata kuwasha moto. Mwaka 2015 wakaita tena mengine milioni 6.5, kwa swichi hiyo hiyo, safari hii vumbi la chuma linalotoka kwenye migusano lingeweza kufanya shoti. Kama una gari ya kampuni hiyo ya miaka ya 2000 na swichi yake ina harufu ya plastiki kuungua au imebadilika umbo kidogo, usisubiri, chomoa, na uulize wakala kwa namba ya chesisi kama gari yako ilikuwemo na kama ilishatengenezwa.

Vipimo vya testa nilivyosema vinafaa kwa mota ya waya mbili. Mota yako ikiwa na waya nyingi kuliko hapo, ina kompyuta ndogo ndani, na kwenye gari hizo swichi inatuma ujumbe tu na mlango una moduli yake. Hapo usiipe umeme wa betri moja kwa moja, utaiua, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Na ndo hapo hapo watu wanakosea kwenye kuagiza. Mota ya dereva na ya abiria zinafanana kwa sura lakini mara nyingi ya dereva ina waya zaidi kwa ajili ya kupanda yenyewe, na picha nyingi za mtandaoni ni za gari yenye usukani kushoto wakati yako iko kulia au kinyume chake. Usiagize kwa kuandika mbele kulia tu ukaridhika. Fungua mlango kwanza, hesabu waya kwenye plagi ya mota, piga picha ya plagi yenyewe na namba iliyochapwa kwenye mota, umtumie muuzaji asubuhi, asipojibu kuhusu idadi ya waya nenda kwa mwingine. Wa kwangu alijibu siku hiyo hiyo na akanitumia picha ya plagi ya mzigo alionao, na kwa hilo peke yake nanunua kwake tena.